Mikono Niliyoikalia

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo limebandikwa mlangoni mwa stoo! Nimelisoma mara tatu, nisije nikawa naota. Mashine mpya zinaingia mwezi wa tano pamoja na mtaalamu kutoka nje, na kiwanda kitachagua mtu mmoja, mmoja tu, awe mkufunzi wa laini zote nne za ushonaji. Usaili utakuwa kwa Kiingereza, robo saa, mbele ya watu watatu. Swali la kwanza wamelitoa kabisa ili tujiandae: eleza jambo gumu ulilofanikiwa kulifanya.

Nina miaka kumi na tisa katika kiwanda hiki cha mashati. Miaka minane kati ya hiyo nasimamia laini ya tatu, watu thelathini na mmoja, ndiyo maana wananiita Mama Tatu hata wale wasionijua. Mashine zimebadilishwa mara mbili tangu nije. Mara zote mbili ukufunzi alipewa kijana wa nje mwenye Kiingereza chake, na mara zote mbili mimi ndiye niliyemwonyesha uzi unapitia wapi, kisha akawa bosi wangu. Hizi mpya zitakaa miaka kumi. Baada ya miaka kumi nitakuwa na hamsini na sita. Kwa hiyo ni sasa.

Nimejiandikisha kabla ya chai. Jina langu ni la pili. La kwanza ni la Kipaza.

Jumanne, 4 Machi

Kipaza ni msimamizi wa laini ya pili, na jina hilo ni kifupi cha kipaza sauti. Mashine zikinguruma, sisi wengine tunasema kwa mikono. Yeye anapiga kelele tu, na watu wa laini ya nne wanamsikia. Leo amenikuta kwenye bomba la maji.

"Mama Tatu, nimeona jina lako. Safi sana. Mashindano lazima yawe na wasindikizaji."

Nimecheka ili asione nimeumia.

Jioni darasa limeanza bwaloni, watu sita. Litakuwa kila Jumanne na Ijumaa baada ya kazi. Mwalimu ni mama mstaafu, mwembamba, mwenye sauti ya kumtuliza mtoto mchanga. Alikuwa opereta wa simu za nje kwa miaka thelathini. Anasema ameunganisha watu wa dunia nzima na hajaona uso wa hata mmoja.

Ana kopo la biskuti lililojaa kadi za buluu. Kila kadi ina maneno ya Kiingereza ya kusema umeweza jambo gumu. Sikujua kama Waingereza wana njia nyingi hivyo za kujisifu! Iko kadi ya kuweza kwa shida, ya kufika ulikodhani hufiki, ya kushinda kizuizi. Lakini hagawi ovyo. Unapata kadi ukisimulia jambo la kweli ulilolifanya wewe mwenyewe, na maneno ya kadi hiyo yakalitosha. "Uongo siupi kadi," kasema. "Na sifa za jirani nazo sizipi."

Halafu akapanga viti viwili viwili, mgongo kwa mgongo, kama watu walio kwenye simu. Mimi nilianza vizuri, nikafika katikati ya sentensi, mdomo ukanyamaza na mikono ikamalizia. Mwenzangu amenipa mgongo, ataona nini? Darasa zima likacheka.

"Mama, kalia mikono yako," Mwalimu akaniambia.

Nimeikalia. Na Kiingereza chote kikaishia hapohapo.

Ijumaa, 7 Machi

Kadi ya kwanza! Imeandikwa "managed to", ya kuweza kwa shida. Nilisema nimeweza kumwamsha binti yangu aende shule. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani, akasema mwenye binti wa miaka kumi na sita anastahili.

Nimeibandika juu ya jiko. Binti ameiona usiku huu wakati naandika, birika likiwa jikoni.

"Mama, yaani umenitangaza kiwanda kizima?"

"Kwa Kiingereza," nikamwambia.

Jumanne, 11 Machi

Mvua imeanza. Hakuna kadi.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Kipaza kapata mbili kwa mpigo. Mimi nimekalia mikono mpaka ikafa ganzi.

Jumanne, 18 Machi

Nilikwenda na hadithi yangu kubwa, ile ya kabati. Tulipohamia ghorofa ya nne, kabati la nguo liligoma kwenye kona ya ngazi. Halipandi, halishuki, majirani wamekwama juu na chini, mmoja ana sufuria ya moto mkononi. Mwishowe likapandishwa kwa kamba na kuingizwa dirishani. Nilisimulia kwa Kiingereza dakika nne nzima bila kuchomoa mkono hata mara moja.

Mwalimu akaniuliza, "Dirisha alilitoa nani?"

"Mume wangu. Ni fundi wa vioo."

"Na kamba alivuta nani?"

"Yeye na shemeji yake."

"Na wewe?"

"Nilikuwa nawapigia kelele."

"Basi kadi hiyo ni ya mumeo," kasema, akafunga kopo. Nilipomsimulia mume wangu alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akadai apelekewe kadi yake. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nimekaa kufikiri miaka yangu yote arobaini na sita, na jambo gumu la kwangu mwenyewe silioni. Nimeamka, nimekwenda kazini, nimerudi. Kazi ni kazi tu, mtu utaisimuliaje?

Ijumaa, 21 Machi

Kipaza leo katuambia alivyomwokoa mtu mtoni, maji yakiwa kifuani. "I overcame", akasema, kwa sauti ile ile ya kuamrisha vifungo. Kapata kadi ya kushinda kizuizi. Sasa anazo saba. Mimi ninazo mbili, na ya pili, ya leo, ni ya huruma.

Jumanne, 25 Machi

Mvua siku nzima. Bomba la juu ya dari ya laini yetu linatoa mlio nisioupenda. Nimemwambia fundi wa majengo. Kasema ataangalia.

Ijumaa, 28 Machi

Leo nimeona kitu. Nilikwenda stoo kuchukua uzi mweupe, nikasikia Kiingereza nyuma ya majora ya vitambaa. Alikuwa Kipaza, peke yake, anayahutubia majora. Anasema sentensi, anachungulia karatasi, anaanza upya. Aliponiona, sauti ikamkauka, na mimi sijapata kumsikia Kipaza akiwa na sauti ndogo.

"Mama Tatu, tafadhali usimwambie mtu."

"Nisimwambie nini? Kwamba unafanya mazoezi?"

Akaikunja karatasi. "Yule wa mtoni ni kaka yangu. Mimi nilikuwa nimesimama ukingoni na viatu vyake. Zote saba ni za kaka. Mimi sina lolote nililolifanya."

Ningekuwa mtu wa kinyongo ningelibeba hilo mpaka bwaloni. Njiani nilitaka kweli, msindikizaji mimi! Lakini sentensi yake ya mwisho ilinizuia kwa sababu ni yangu vilevile. Nimechukua uzi wangu nikaondoka.

Jumanne, 1 Aprili

Sikusema. Kipaza hakunitazama kipindi kizima.

Jumanne, 8 Aprili

Kadi ya tatu, "succeeded in". Nimefanikiwa kumfanya fundi wa majengo apande juu ya dari. Kashuka akasema bomba ni zima. Mlio bado upo.

Ijumaa, 11 Aprili

Binti yangu ananisahihisha tukiosha vyombo. Mwanzo alikuwa ananicheka, sasa anashika kijiko kama kipaza sauti na kuniuliza maswali ya usaili. Ni mkali kuliko Mwalimu. Akiona natikisa kidole tu, anapiga sinia: "Mikono, Mama!"

Jumanne, 15 Aprili

Leo nimeuliza kadi ya mwisho kabisa ndani ya kopo ni ipi, ile iliyofungwa kwa mpira. Mwalimu kaitoa tukaiona: "pulled it off". Anasema hii ni ya mtu aliyefanya jambo ambalo kila aliyetazama alijua haliwezekani, na bado likakaa sawa. Ipo moja tu. Darasa lililopita hakuna aliyeipata, na la kabla yake pia.

Nimeitamani kuliko nilivyotamani pete ya ndoa, Mungu anisamehe.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Mashati ya wauguzi yamebaki mia sita kati ya elfu mbili na mia nne. Lori ni Jumamosi saa kumi alasiri. Tutafika.

Jumapili, 27 Aprili

Sina nguvu ya kushika kalamu, lakini nisipoandika leo nitapasuka.

Jana, Jumamosi, tulianza saa moja. Mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka huisikii mashine yako mwenyewe. Mashati mia tatu yalikuwa yamebaki. Saa tatu kasorobo bomba likapasuka. Maji yalishuka mwishoni mwa laini yangu, yakaingia kwenye sanduku la umeme, yakaloanisha fungu zima la kola zilizokatwa. Fundi umeme akaja mbio akazima laini ya tatu yote. Akanionyesha kwa mkono: mpaka Jumatatu.

Meneja alisimama pale, maji yanamwingia viatuni. Niliyasoma maneno mdomoni mwake, "Basi tena." Akatoa simu kwenda kuwaarifu wenye mzigo.

Mimi nikaenda laini ya pili. Kipaza alikuwa na oda yake ya Jumatatu, na watu wake thelathini kwenye mashine zao. Kama angekataa hakuna ambaye angemlaumu. Nilimwekea mdomo sikioni nikamwambia ninachotaka: mashine zake zote, na watu wake wabaki. Kila mashine wakae wawili, wake na wangu, mmoja anashona, mwingine anampa vipande na kukata nyuzi, wanabadilishana akichoka.

Alinitazama. Nilijua anawaza usaili, kwa sababu na mimi niliwaza. Halafu akapanda juu ya meza awatangazie watu wake.

Alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Hakuna aliyegeuka. Mvua ilikuwa imemmeza Kipaza! Akashuka, akanijia, akaelekeza vidole viwili kwenye macho yake, kisha kwangu. Katika kiwanda chetu maana yake ni: nakutazama wewe.

Basi nikapanda mimi. Kiganja chini, simameni. Wote sitini na mmoja wakasimama, kwa sababu jicho la mshonaji limezoea kutafuta mkono. Nikawapanga wawili wawili. Nikashika shingo yangu, kola, nikaonyesha chumba cha pasi, na wanne wakakimbia kuzikausha zile zilizoloa. Kidole kikizunguka, endelea. Ngumi, uzi umeisha. Vidole viwili vinavyoachana, uzi umekatika. Nikijisugua tumbo, meneja anakuja. Kwa muda wa saa sita na zaidi sikutoa neno hata moja. Kipaza alisimama mwisho wa laini ambako hawanioni vizuri, na kila mkono nilioutoa akaurudia. Nilikuwa nikimwona anakosea, anarekebisha, anafuta jasho, anaendelea. Mara moja akachanganya kola na pasi, watu watano wakaenda kujipanga pasipo na kazi, akajipiga kofi la utosi na wote wakacheka bila sauti.

Kuna saa niliona haitawezekana. Saa nane mchana vifungo vya mashati arobaini vilikuwa bado. Nikajikaza.

Saa tisa na dakika arobaini shati la mwisho likatoka. Tukimaliza nguo, mshonaji hushika uzi wa mwisho, anauvuta juu na kuung'ata. Yule binti wa mashine ya mwisho aliuvuta, akaung'ata, akaniinulia mkono. Halafu mwingine akafanya hivyo hivyo bila uzi. Halafu wote. Watu sitini na mmoja wanavuta uzi ambao haupo na kuung'ata! Meneja kasimama mlangoni na simu yake, haelewi chochote.

Lori liliondoka saa kumi na dakika tano. Nililia chooni, kwa furaha, wala sioni haya kuandika.

Jumanne, 29 Aprili

Darasani leo Kipaza alisimama kabla hatujakaa, akaweka kadi zake mezani mbele ya Mwalimu. Baada ya mtoni alikuwa ameongeza nyingine mbili.

"Hizi ni za kaka yangu," kasema. "Naomba kuanza moja."

Mwalimu akazirudisha koponi bila kumsema. Akamwambia asimulie moja ya kwake. Akasimulia kwa Kiingereza kibovu, kibovu kweli, kwamba Jumamosi aliweza kunyamaza kwa saa sita. Kapata "managed to". Aliishika kwa mikono miwili.

Mimi nilikuwa sijaongea. Binti yangu ndiye aliyeniambia jana tukiosha vyombo, "Mama, si hilo ndilo jambo lako gumu?" Nikamjibu hiyo ni kazi. Akaniangalia kama nimepungukiwa.

Jumatano, 30 Aprili

Nimemfuata Mwalimu nyumbani kwake, naye amekubali: hiyo ya Jumamosi ndiyo hadithi yangu. Tumeiandika naye neno kwa neno, dakika nne, nami nitaikariri.

Jumamosi, 3 Mei

Nakariri.

Jumapili, 4 Mei

Nakariri. Mume wangu sasa anaijua. Ameamka anasema ile ya kukausha kola, "we succeeded in drying the collars", akitafuta soksi.

Jumatano, 7 Mei

Nimetoka huko. Nianze mwanzo, na nitayaandika kwa Kiswahili ingawa yalitoka kwa Kiingereza.

Tulikuwa wawili waliobaki, wengine walijitoa. Kipaza aliingia kwanza. Mimi nikakaa kwenye korido, nasoma hadithi yangu kichwani. Kupitia kioo cha mlango nilimwona mgongo wake tu. Robo saa ikapita, ikazidi.

Alipotoka, katibu alikuwa amesimama kati yetu, hatuwezi kusemezana. Kipaza akanionyesha vidole viwili vikiachana. Uzi umekatika. Alikuwa anatabasamu, lakini macho yamemwiva. Halafu akazungusha kidole. Endelea.

Niliingia nikiwa nimemhurumia yeye kuliko nilivyojiogopea mwenyewe, na labda hilo lilinisaidia kufika kwenye kiti. Watu watatu: meneja, mama wa ofisi ya wafanyakazi, na mtaalamu wa mashine, mzee mfupi mwenye kijitabu mfukoni. Nilikaa, nikaikalia mikono yangu.

Swali likaja kama lilivyoandikwa. Nikaanza. Yote yalitoka, mvua, bomba, mashine thelathini, kola, pasi. Yalitoka safi kama maji ya bomba zima, na nikaona wazi kuwa wanachoka. Meneja anatazama dirishani. Mama wa ofisi anaandika kitu ambacho hakinihusu. Hata mimi nilikuwa nimechoka.

Yule mtaalamu akainua kidole. Akachungulia kijitabu chake, na alipofungua mdomo nikagundua Kiingereza chake kinakwama kuliko changu! Na yeye anajifunza! Alihangaika kutafuta neno, akalipata, akauliza:

"Mwanamume aliyetangulia, yeye ana sauti kubwa. Anasema, siku ile mimi sikusikika, Mama Tatu alisikika. Anasema kazi ile haikuwa yangu, muulizeni yeye. Basi nauliza. Kelele namna ile, walikusikiaje?"

Swali hilo halikuwa kwenye karatasi yangu. Na hapohapo nilielewa kwa nini uzi wa Kipaza ulikatika. Aliingia mle na nafasi yake, akaiacha mezani kwa ajili yangu, akatoka.

Maneno yote niliyokariri yakaniruka. Niliona mama wa ofisi anafunga faili. Nikasema moyoni, Mwalimu nisamehe, nikaichomoa mikono.

Nikasimama. Kiganja chini. "Stop," nikasema. Vidole viwili vikiachana, nikasema uzi umekatika. Ngumi, uzi umeisha. Nikashika shingo, nikasema kola. Na mdomo ukafuata mikono! Kiingereza kilikuwa kinakuja chenyewe, kibaya, kifupi, lakini changu, kila mkono na neno lake. Nikawaonyesha nilivyowapanga wawili wawili. Nikamwonyesha Kipaza mwisho wa laini anavyorudia. Nikajisugua tumbo, nikaeleza maana yake, ndipo nikakumbuka kwamba meneja amekaa palepale.

Akatazama tumbo lake. Mama wa ofisi akacheka kwanza, halafu wote, na meneja mwenyewe akasema kumbe ndiyo maana kila akiingia watu wanawashwa.

Mtaalamu hakuwa anacheka tena. Alikuwa amesimama na yeye, anajaribu. Kiganja chini. Kidole kikizunguka. Akaniuliza kama kiganja kinapinda au kinanyooka. Nikamshika mkono nikaunyoosha. Robo saa ilikwisha zamani na hakuna aliyetaja.

Mwishoni akauliza, "Na kazi ikiisha?"

Nikauvuta uzi, nikaung'ata.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemtafuta Kipaza kwenye bomba la maji. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mama Tatu, nilianza kusema nilipanda juu ya meza, nikaona viatu vya kaka yangu mkononi tena. Sikutaka kuvibeba mara ya pili." Nikamshika bega.

Ijumaa, 9 Mei

Hakuna habari. Mvua imepungua.

Jumatatu, 12 Mei

NI MIMI!

Ni mimi, ni mimi, ni mimi. Barua ina muhuri. Laini ya tatu walinibeba mpaka mlangoni, na mimi si mwepesi. Mume wangu kaisoma barua kwa sauti mara mbili kisha akaiwekea fremu ya kioo kabla sijamaliza kuisoma mwenyewe. Binti alinikumbatia kwa nyuma nikiwa naosha sahani na akakataa kuniachia, mpaka maji ya beseni yakapoa.

Ijumaa, 16 Mei

Darasa la mwisho. Tulikuta viti vimepangwa kwa kutazamana.

Mwalimu alituomba radhi. Alisema miaka thelathini alisikia watu wakilia, wakichumbiana, wakifiwa, na hakuna siku aliyowaza kwamba kule upande wa pili wana mikono. "Nilikuambia uikalie," akaniambia. "Nilikunyima nusu ya ulimi wako." Nikamwambia hapana, bila kuikalia mdomo usingejua kutembea peke yake. Tukabishana kidogo, kwa Kiingereza, na nadhani nilishinda.

Halafu akatoa mpira kwenye ile kadi.

Niliipokea, nikaivusha mezani nikampa Kipaza. Mashine zilikuwa zake, na mle chumbani aliyenifungulia njia ni yeye. Akaisoma, akanirudishia.

"Mama Tatu, acha hizo. Nimerudisha kadi tisa za watu mwezi uliopita, unataka niongeze ya kumi?"

Jumatatu, 19 Mei

Naandika saa ya chakula, nimekaa juu ya kreti la mashine mpya.

Leo asubuhi mvua imerudi kutuaga. Zilipowashwa mashine zote na mabati yakaanza, mtaalamu alifungua kijitabu chake na kupaza sauti, kwa Kiingereza, maelekezo ya kwanza. Laini nne zikamtazama. Hakuna aliyesikia hata herufi. Akakirudisha kijitabu mfukoni, akanigeukia, akaelekeza vidole viwili kwenye macho yake, kisha kwangu.

Nikapanda juu ya meza. Nikazungusha kidole, na mashine za laini zote nne zikaenda kwa pamoja.

Kadi nimeiweka mfuko wa kifuani. Kule laini ya pili Kipaza alikuwa ananitazama juu ya vichwa vya watu wote. Hakupiga kelele. Aliinua mkono, akaushika uzi ambao haupo, akauvuta polepole mpaka juu, akaung'ata.

Na mimi nikauvuta wangu.